Jinsi ya Kuomba Viza ya Schengen kwa Safari ya Kikundi kwa Basi Kutoka Uingereza

Basi mtapanda moja, lakini viza ya Schengen, yaani ya kuingia kundi la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa nje, ni ya kila mtu na pasipoti yake. Mwenye pasipoti ya Uingereza huvuka bila viza; aliyekaa pembeni yake na pasipoti ya Tanzania au Kenya haendi popote bila hiyo viza. Kwa hiyo kabla mweka hazina hajalipia basi, kiongozi wa msafara apitie pasipoti zote, moja baada ya nyingine.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na muda wake uvuke angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen. Kibali cha kuishi Uingereza nacho kivuke miezi 3 hiyo. Aliyeomba kuongezewa kibali na hajajibiwa asisafiri kabisa, maana akitoka nje ya nchi huhesabiwa kuwa ameyafuta maombi yake. Jambo hili msiliulize mkutanoni. Masuala ya vibali watu huyaonea haya, na anayenyamaza ndiye atakayeumia. Mfuateni mtu pembeni.

Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni ile mtakayoingia kwanza, na kwa basi linalovuka kwa feri kutoka bandari ya Dover, Uingereza, kwenda Calais hiyo ni Ufaransa. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya France-Visas, kisha kila mtu huweka miadi katika kituo cha TLScontact, kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya Ufaransa, kilichopo London, Manchester au Edinburgh. Milango hufunguka miezi 6 kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Jibu huchukua siku 15, lakini linaweza kufika 45, basi kwa safari ya Agosti anzeni Machi. Ada ni euro 90; watoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, walio chini ya hapo bure. Kituo kina ada yake juu ya hiyo.

Siku ya miadi mtu aende na fomu, picha, taarifa za benki za miezi 3, barua ya mwajiri, uthibitisho wa hoteli, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Uthibitisho wa ukaazi wa Uingereza hutolewa kwenye akaunti ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza) kwa msimbo unaodumu siku 90. Alama za vidole huchukuliwa hapo hapo, isipokuwa kwa watoto walio chini ya miaka 12.

Kazi kubwa ya kiongozi ni ratiba. Aipate kwa maandishi kutoka kampuni ya basi, ikiwa na tarehe, hoteli na majina ya abiria, kisha awagawie wote nakala ile ile. Kwenye tarehe muwe makini sana. Polisi wa Ufaransa hukagua pasipoti Dover kwenyewe, kabla ya feri. Mkifika bandarini Ijumaa saa 5 usiku, mtakaguliwa Ijumaa, hata kama Calais mtashuka alfajiri ya Jumamosi. Fomu na bima zianze Ijumaa.

Viza ikitoka, soma kibandiko kabla hujaiweka pasipoti mkobani: jina, tarehe, idadi ya kuingia. Tangu Oktoba 2025 mpaka wa Schengen umeanza pia kusajili wageni kidijitali kwa picha, kwa hiyo msipange kufika Dover dakika za mwisho. Sambusa za nyama na maziwa mmalize kabla ya bandari. Haviruhusiwi kuingia Ulaya.

Wakati wa kurudi, maofisa wa Uingereza huwakagua Calais. Aliyebadilisha pasipoti ahakikishe, wiki kadhaa kabla ya safari, kwamba eVisa yake, yaani kibali chake cha kidijitali cha kuishi Uingereza, imeunganishwa na pasipoti mpya.