Kuitengeneza Sauti ya Gitaa la Besi katika Nyumba za Mawe za Lamu

Mpigaji besi anayejifunzia nyumbani hapa Lamu huwa na lalamiko moja. Akiwa chumbani, sauti yake huvuma hata maneno ya mwimbaji yakapotea, na akilipeleka gitaa lile lile na amplifaya ile ile kwenye harusi ya uwanjani, sauti hiyo haijulikani imekwenda wapi. Wengi huona kasoro iko kwenye chombo, wakaanza kuweka akiba ya kununua kingine. Mimi hupiga besi kwa mapenzi tu, baada ya saa za kazi, na kwa muda niliofanya hivyo nimeridhika kwamba kasoro kubwa imo katika mambo matatu yasiyotaka fedha nyingi, yaani chumba, mkono na hali ya nyuzi, na kwamba dawa ya kwanza karibu kila mara ni kuipunguza sauti nzito ya chini badala ya kuiongeza.

Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko hautoi boriti ndefu ya kuvuka chumba kipana. Kwa sababu hiyo upana wa chumba kwa kawaida haufiki mita tatu, na kuta zake za matumbawe na chokaa ni nene na ngumu kiasi cha kuirudisha sehemu kubwa ya sauti ya chini inayozifikia. Baina ya kuta mbili za namna hiyo ipo noti moja ambayo wimbi lake hulingana na nafasi iliyopo, likifika ukuta mmoja likarudi, likakutana na linalofuata, yakapandishana nguvu. Kuijua noti hiyo si kazi kubwa. Pima upana wa chumba kwa mita, kisha gawa 174 kwa kipimo ulichopata, kwa maana 174 ni takriban nusu ya mita ambazo sauti huzikata kwa sekunde moja katika joto letu. Chumba cha mita 2.8 kitakupa hezi 62, yaani mitetemo 62 kwa sekunde, nayo ni karibu kabisa na noti ya B inayopatikana kwenye freti (kipande cha chuma kinachokata shingo ya gitaa) ya pili ya uzi wa A. Ikiwa wimbo umo katika E, basi B ni noti ya tano yake na utairudia mara nyingi, na kila ukiigusa chumba kizima kitavuma hali noti za jirani zake zimetulia. Mpigaji hudhani gitaa lake lina noti mbovu, kumbe ni kuta zinazojibu. Zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa ukutani, huzitawanya vizuri sauti za udi na fidla, lakini wimbi la B hiyo lina urefu unaopita mita tano na nusu, na kidaka cha shubiri mbili hakiwezi kulifanya lolote.

Linaloweza kufanywa ni kuchagua mahali. Wimbi hilo huwa na nguvu zaidi karibu na kuta, na hufifia katikati ya upana wa chumba. Usiiegemeze spika kwenye ukuta mrefu wala usiisukume pembeni, bali iweke katikati ya kuta mbili ndefu, ikielekea urefu wa chumba, na uiinue juu ya kiti au sanduku ili sakafu nayo isiongeze uzito. Ukishafanya hivyo, usiihukumu sauti yako ukiwa umekaa hapo hapo katikati, kwa kuwa hapo ndipo uvumi husikika kidogo kuliko kwingine. Inuka, uegemee ukuta wanapoketi wageni, umwombe mwenzako apige noti moja moja, nawe utasikia wanachokisikia wao. Ikumbukwe pia kwamba sauti ya chini hupita ukutani kuliko sauti nyingine yoyote, na nyumba zetu nyingi zimeshikana ukuta kwa ukuta, nyingine zikiunganishwa hata na wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia. Kwa mazoezi ya usiku tumia vifaa vya kuvaa masikioni, na adhana inapoanza weka mikono juu ya nyuzi unyamaze. Jirani aliyestahiwa hivyo hukuvumilia mazoezi ya miaka.

Sasa vitufe vya amplifaya, ambavyo nitavieleza kwa akrabu ya saa ya ukutani. Anza na vitufe vyote vitatu, cha sauti ya chini, ya kati na ya juu, vikiwa saa sita. Kisha kile cha chini kirudishe hadi saa nne, yaani akrabu ikiwa kwenye 10, na kile cha kati kipandishe hadi saa saba au saa nane. Ukipiga peke yako, sauti hiyo utaiona nyembamba na huenda usiipende. Vumilia mpaka wenzako wa kinanda na dumbaki waingie, ndipo utakaposikia kila noti imesimama mahali pake. Sababu ni kwamba uzi wa E ulio wazi una hezi 41, sauti ambayo spika ndogo huitoa kwa taabu sana na ambayo huila nguvu ya amplifaya kuliko sauti nyingine zote, hali sikio la binadamu huitambua noti hiyo hiyo kwa sauti zinazoandamana nayo, za hezi 82, 123, 164 na kuendelea. Sauti hizo za juu kidogo ndizo zinazobakia hata harusi inaporekodiwa kwa simu na kutumiwa jamaa walio mbali. Mwenye kuipandisha sauti ya chini peke yake hupotea kabisa katika simu.

Mkipiga nje, au chini ya paa la makuti lisilo na kuta kama yale ya hoteli za Malindi, mambo hugeuka. Hakuna kinachoirudisha sauti, na uzito wote huchukuliwa na upepo. Hapo spika isukumwe iguse ukuta wowote uliopo, au ikae chini sakafuni, na kitufe cha sauti ya chini kirudi saa sita. Cha kati kibaki kilipokuwa.

Mkono una kazi kubwa kuliko vitufe, na hapa ndipo ningependa mwanafunzi atumie muda wake. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vipokezane bila kurukana, na kidole gumba kiegemee pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) au uzi mnene usiotumika ili kiuzuie usilie. Ukipiga karibu na shingo sauti huwa ya mviringo na laini, ukisogea karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini mwa gitaa, hukaza na kuwa kavu. Safari hiyo ya shubiri moja hubadilisha sauti kuliko kitufe chochote, na haihitaji stima. Piga kwa nguvu ndogo na uiachie amplifaya kazi ya kukuza, kwa sababu uzi uliovutwa kwa nguvu hupanda kidogo mwanzoni mwa noti kisha hushuka, na msikilizaji huhisi besi haikutengenezwa vizuri bila kujua kwa nini. Mkono wa kushoto nao una wajibu wa kuikata noti kwa wakati wake. Urefu wa noti ni sehemu ya mapigo. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown mjini Detroit, Marekani, alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, nyuzi laini zilizozeeka na kipande cha sifongo chini ya nyuzi karibu na daraja, na sauti yake bado inafundishwa. Kipande cha sifongo cha kuoshea vyombo kinafaa vivyo hivyo, na kwa taarabu ya kukaa mimi hukiona ni bora kuliko kifaa chochote cha kununua, kwa kuwa huikaribisha sauti ya gitaa kwa ile ya besi kubwa ya kusimama.

Katika taarabu yenyewe lipo jambo la tahadhari. Nyimbo zenye asili ya maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, hutumia noti ambazo freti za gitaa hazinazo. Katika maqamu ya Rasti, noti ya tatu na ya saba hukaa baina ya freti mbili, na katika ile ya Bayati ni noti ya pili. Udi na fidla havina freti, kwa hiyo huzifikia noti hizo bila shida, na Lamu, mji aliozaliwa mpigaji udi Zein l'Abdin, wasikilizaji wenye masikio ya kuzitambua si haba. Mpigaji besi akilazimisha freti iliyo karibu atagombana na mpigaji udi mbele ya watu wote. Njia salama ni kukaa kwenye noti ya kwanza, ya nne na ya tano, ambazo hazina mgogoro, na kuiacha noti ya katikati iwe ya wenye vyombo vinavyoiweza. Maqamu ya Hijazi haina tatizo hilo. Hatua zake, hata ile pana ya kutoka noti ya pili hadi ya tatu, zote zinapatikana kwenye freti, nawe unaweza kutembea humo kwa uhuru. Wapo wanaoling'oa freti gitaa la zamani na kuzijaza nafasi zake kwa vipande vyembamba vya mbao. Kazi hiyo inafaa sana, ila mpigaji awe tayari kuanza upya kulifundisha sikio lake.

Kwa chakacha, hesabu sita na usikilize ngoma ya vumi kabla ya kugusa uzi. Mimi hupiga ya kwanza na ya nne, nikaongeza ya sita pale tu wimbo unapopanda, na zilizobaki nawaachia wapiga ngoma. Anayezijaza zote sita huwaziba wenzake na kuwachosha wachezaji.

Nyuzi ndizo zinazoteseka zaidi na pwani yetu. Chumvi ya hewani na jasho la vidole hukitia kutu haraka chuma cha nyuzi, na seti mpya mara nyingi ni ya kuagizwa kutoka Mombasa au mbali zaidi. Nawa mikono kabla ya kupiga, na baada ya kupiga upitishe kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi. Nyuzi za msokoto wa kawaida zikiwa zimezibwa na uchafu, hufufuka kwa muda zikifunguliwa na kuchemshwa kwa dakika kumi katika maji matamu yasiyo na chumvi, yaani ya mvua au ya chupa, kwa maana ya visima vingi vya hapa yatazidisha kutu. Zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha, na usizifungue zote kwa pamoja bila sababu, kwani shingo huzoea mvuto wake. Aliye na uwezo anunue nyuzi zenye msokoto bapa. Bei yake ni kubwa, lakini hukaa miaka, hazikwaruzi freti, na sauti yake tulivu inafaa nyimbo zetu.

Shingo ichunguzwe kila msimu unapogeuka, masika yanapoanza na kaskazi inaporejea, kwa kuwa mbao hunywa unyevu na kuutoa. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na kwenye ile ya mahali shingo inapokutana na mwili, kisha utazame pengo lililo chini ya uzi karibu na freti ya saba. Litoshe kupitisha kadi nyembamba ya karatasi ngumu. Likizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa spana yake, robo ya mzunguko tu kwa siku, na uache shingo itulie hadi kesho. Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 17 uwe kama milimita 2 kwa uzi wa G na 2.4 kwa uzi wa E. Unapotengeneza nyuzi kwa programu ya simu, uzi wa E mara nyingi hausomeki kwa sababu maikrofoni ya simu huishika hezi 41 kwa shida. Gusa uzi huo kidogo juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, na simu itaisoma sauti ya hezi 82 mara moja.

Kuhusu stima nina neno moja ninalolisisitiza kwa sababu ya uhai wa mtu. Plagi ya amplifaya ina pini tatu, na ile ya ardhi isikatwe wala isiachwe bila kuunganishwa kwa hoja yoyote. Midomo ikiguswa na maikrofoni ukashtuka huku umeshika nyuzi, zima kila kitu na umwite fundi kabla ya kuendelea. Amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani hutaka volti 120, nayo ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 za Kenya huungua papo hapo.

Nimalizie kwa safari. Msimu mmoja wa kusi nilivuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, na gitaa katika begi la kitambaa, mawimbi yakaturushia maji, na nilipofika nililiweka pembeni nikaenda kupumzika. Kabla ya wiki kwisha skrubu za daraja zilikuwa zimeshikana na kutu, zisigeuke kwa bisibisi yoyote. Tangu siku hiyo, gitaa husafiri ndani ya mfuko mzima wa plastiki uliofungwa mdomo, ndipo mfuko ukaingizwa begini, na begi hukaa miguuni pangu katikati ya mashua badala ya omo. Nikifika nyumbani hulitoa hapo hapo, nikafuta skrubu, nyuzi na tundu la waya kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu, nikakausha, kisha nikapaka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu ya daraja.