Mbwa anayekuburuta: jinsi ya kumfundisha kutembea kamba ikiwa imelegea

Mbwa wengi wa hapa Iringa hushinda kwenye mnyororo, usiku hufunguliwa walinde. Siku akitolewa barabarani anamburuta mwenyewe kuanzia getini, na majirani wanasema ni mkaidi. Si ukaidi. Alitaka kuunusa ule mti, akavuta, akafika; kuvuta kumemlipa. Kazi yetu ni kuukata huo mshahara.

Kabla ya yote awe amechanjwa kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kila mwaka.

Vifaa. Mkanda wa shingoni uwe na nafasi ya kupitisha vidole viwili. Kamba iwe ya pamba au nailoni nene, mita 1.5 hadi 2. Katani itakuchuna viganja akikurupuka. Anayejikaba hadi kukohoa mvalishe mkanda wa kifuani wenye pete kwa mbele, ambao akivuta unamgeuza kukuelekea wewe. Zawadi ni pafu au maini yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, yakakatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Ugali hautoshi, anaula kila siku.

Hatua ya 1: ndani ya uzio. Mfungue mnyororo kwanza, akimbie, ajisaidie. Aliyefungwa tangu asubuhi hana utulivu wa kukupa. Kisha mfunge kamba na usimame tu. Akikutazama huku kamba imelegea, sema "safi" na umpe kipande palepale, karibu na mguu wako. Ukichelewa sekunde chache atakuwa amehamia jambo lingine, na hilo ndilo utakalokuwa umelilipia.

Hatua ya 2: kamba ikikaza, safari inasimama. Anza kutembea. Akivuta, simama, usiseme neno. Usimvute nyuma, kwa sababu ukimvuta naye hujikaza upande wake, ndivyo alivyoumbwa. Subiri. Atageuka au atarudi hatua moja, kamba italegea: "safi", mnaendelea. Kule kuendelea mbele ni zawadi inayoizidi hata nyama.

Mwanzoni dakika kumi zitaisha hamjatoka uani, na hapa ndipo watu huharibu. Leo wanasimama, kesho wana haraka wanamwacha avute. Mbwa anajifunza kwamba akivuta kwa nguvu zaidi mwisho mtakubali, na mbwa wa namna hiyo ni mgumu kuliko yule ambaye hajafundishwa kabisa. Kama anayemtoa ni kijana wa kazi, mfundishe na yeye, la sivyo mbwa atakuwa mtulivu kwako tu.

Hatua ya 3: getini. Akirukia geti, lifunge. Akitulia, lifungue. Rudia.

Hatua ya 4: barabarani. Toka alfajiri, kabla bodaboda na wanafunzi hawajajaa. Anzia njia tambarare au ya kupanda. Miteremko ya kushuka Gangilonga iache kwanza, mteremko wenyewe unamwongezea kasi.

Kuku, mbuzi na mbwa koko ndio mtihani. Tafuta umbali ambao anawaona na bado anapokea nyama. Akiikataa, mmesogea mno: vuka upande wa pili au geuka mrudi. Mbwa koko akija, zunguka mbali naye bila kukaza kamba, maana kamba iliyokaza humpandisha wako hasira.

Fimbo iache nyumbani. Najua wengi tumekua tukiona mbwa anafunzwa kwa fimbo, lakini ukimchapa wakati bodaboda inapita, ataunganisha maumivu na bodaboda, na kesho ataibwekea maradufu.

Akishaweza barabara za mtaani, jaribu stendi za bajaji, ukianza kwa mbali. Soko Kuu sikushauri. Harufu ya mabucha pale inamshinda hata mbwa aliyefuzu, na wauza nyama hawatakuwa na subira ya kukungoja kamba ilegee.