Kujitolea kwenye kanisa dogo la waliovuka Ruvuma

Kanisa la Wamakonde waliotoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji ng'ambo ya mto Ruvuma, wakaja hapa Mtwara, likiyumba halihitaji mhubiri mwingine. Linahitaji mtu wa daftari na mtu wa bati. Muone mchungaji na wazee wa kanisa katikati ya wiki, si Jumapili asubuhi, useme kazi moja unayoiweza na siku utakazokuja.

Penye sadaka ndipo ugomvi huanzia: mtu mmoja anahesabu, anaandika kesho yake. Wahesabu watatu, papo hapo, kabla ya kutoka. Waandike noti kwa noti, wasaini wote, na Jumatatu fedha ziende kwenye akaunti yenye jina la kanisa, si la mchungaji. Kuanzia Oktoba wengine hutoa korosho. Zianike siku mbili tatu mpaka zilie zikitikiswa, uzipime mbele ya mtoaji, zipelekwe chama cha msingi cha ushirika. Ukimuuzia wa kangomba, mlanguzi anayenunua nje ya ushirika, utapata bei ya kutupa, na ni kosa kisheria.

Bati lizibwe kabla ya mvua za Desemba. Msumari uwe wenye mpira, upigwe mgongoni mwa bati, kamwe si bondeni maji yanakopita. Ule wa kawaida huliwa na hewa ya chumvi, tundu likapanuka.

Matangazo yasomwe kwa Kiswahili na Kimakonde. Mkalimani apewe karatasi Jumamosi, la sivyo atabuni. Vibali vya mtu vya kuishi nchini usividadisi. Akikuomba mwenyewe, msindikize ofisi ya Uhamiaji.