Jinsi ya kuhesabu vitu kwa Kijapani: anza na maneno machache, orodha ndefu baadae

Wadau mnaojifunza Kijapani, naona wengi wanakwama sehemu moja. Namba wanazijua vizuri tu, ichi, ni, san mpaka mia huko, lakini mwambie aseme "penseli tatu" au "tuko watu wanne" anasimama. Shida ni kwamba kwenye Kijapani namba haikai peke yake kwenye kitu, inabeba kipande nyuma yake kinachosema unachohesabu ni kitu cha namna gani, kirefu, bapa, mashine, mtu, mnyama, kitabu na kadhalika. Vipande hivyo wenyewe wanaviita josuushi na vipo mamia, sasa mtu anafungua ile orodha yote, anaona vipande vya kuhesabia mashua ndogo, meli kubwa, mashairi, mpaka miungu ina neno lake la kuhesabiwa, anafunga kitabu siku hiyo hiyo. Mi naamini kabisa orodha ndo zinazokatisha watu tamaa, maana maisha ya kila siku yanazungukia vipande vichache tu, ukivipata kwa mpangilio mzuri utaongea na utaeleweka.

Na sisi tunaoongea Kiswahili tuna faida ambayo wengi hawaioni. Tunasema watu wawili, viti viwili, miti miwili, ndizi mbili, yani tangu utoto tumezoea kwamba namba lazima itambue inahesabu nini, na tumezoea pia kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki na hatuulizi kwa nini. Mjapani anafanya jambo linalokaribia hilo ila yeye anabadilisha nyuma ya namba badala ya mbele. Tofauti kubwa ni kwamba ngeli yetu inafuata jina, josuushi inafuata umbo la kitu na unakiangaliaje muda huo, ndo maana ndizi moja moja zinahesabiwa kwa hon sababu ni ndefu, ila kichane kizima kinahesabiwa kwa fusa.

Kuhusu matamshi, nitaandika kwa herufi zetu, vokali unatamka kama za kwetu, a e i o u hazina tofauti ya kukuumiza kichwa. Ukiona vokali mbili vuta, kumi yao ni juu na inasikika kama hii juu yetu ya juu ya meza. Ukiona konsonanti mbili kama ippon, funga midomo, subiri kidogo, alafu achia. Usiruke hapo, Kijapani ile kusubiri inabeba maana.

Sasa anza na hizi kumi, na usiguse kingine chochote mpaka zitoke mdomoni bila kufikiri:

hitotsu, futatsu, mittsu, yottsu, itsutsu, muttsu, nanatsu, yattsu, kokonotsu, too

Hizi ni namba za asili za Kijapani chenyewe, zile ichi ni san zilitoka China. Kuna njia nzuri ya kuzishika: angalia moja na mbili, hitotsu futatsu, kisha tatu na sita, mittsu muttsu, kisha nne na nane, yottsu yattsu. Umeona? Kwenye jozi hizi namba ikiongezeka mara mbili mwanzo unabaki ule ule au unakaribiana sana, kinachogeuka ni vokali. Ukishaona hivo nusu ya kazi imeisha.

Hii seti ya tsu inahesabu karibu kila kitu ambacho hujui kipande chake. Matunda, mayai, viti, mabegi, oda ya chakula, hata vitu visivyoshikika, shitsumon ga futatsu arimasu, nina maswali mawili. Upo dukani umeonyesha kitu kwa kidole unasema kore o mittsu kudasai, naomba hivi vitatu, na hakuna atakayekushangaa, Wajapani wenyewe wanatumia tsu kila siku. Mipaka yake ni miwili tu, haihesabu watu wala wanyama, na inaishia kumi. Ukifika kumi na moja unarudi kwenye namba za Kichina unaweka kipande, ringo juuikko, matufaa kumi na moja.

Kabla hujaenda mbele weka sawa mahali pa kuiweka namba, kwa sababu hapa ndo naona makosa mengi kuliko hata kwenye vipande vyenyewe. Mpangilio wa kawaida ni kitu kwanza, kisha kile kiunganishi chake (o, ga), kisha namba, kisha kitenzi. Ringo o mittsu kudasai. Gakusei ga sannin imasu, wapo wanafunzi watatu. Baada ya namba huweki kiunganishi tena, usiseme mittsu o kudasai kama umeshataja tufaa. Kuna na njia ya kutanguliza namba kwa kutumia no, sannin no gakusei, wale wanafunzi watatu, hiyo utaikuta sana kwenye maandishi na unapozungumzia kundi linalojulikana, ila kwa kuomba, kununua na kuagiza kaa na ile ya kwanza.

Watu ndo wanafuata. Mmoja ni hitori, wawili ni futari, hawa wawili wana maneno yao kabisa, kuanzia watatu unaweka nin: sannin, yonin, gonin, rokunin. Angalia nne, ni yonin na sio yonnin, n moja. Ukiingia mgahawani mhudumu atakuuliza nanmei-sama desu ka, mei ni namna ya heshima ya kuhesabu watu na ni yeye anayekuheshimu wewe mteja, kwa hiyo we jibu futari desu au sannin desu.

Kisha chukua viwili ambavyo havina mabadiliko yoyote ya sauti, mai na dai. Mai ni vitu bapa, karatasi, stempu, tiketi, sahani, mashati, mashuka, piza nzima, picha. Ichimai, nimai, sanmai, yonmai, moja kwa moja mpaka kumi. Posta unasema kitte o gomai kudasai, naomba stempu tano. Dai ni mashine na vyombo vya moto: magari, pikipiki, baiskeli, kompyuta, simu, friji. Ichidai, nidai, sandai. Kwa ndugu zetu wanaoagiza magari Japani kuleta Dar au Mombasa hiki ni kipande cha mkate wenu, kuruma ichidai ni gari moja. Ila ukishuka kwenye vipuri mambo yanageuka, tairi zinahesabiwa kwa hon, taiya yonhon, tairi nne, na funguo ya gari nayo ni hon, kagi ippon, wakati kioo na mlango vinarudi kwenye mai kwa sababu ni bapa. Gari moja hilo hilo linakupa vipande vitatu.

Hon ndo kipande chenye utamu na ndo chenye kazi. Msingi wake ni vitu virefu vyembamba: kalamu, mwavuli, mti, mkanda, tai, jino, sigara, mto wa maji, barabara. Chupa pia. Kisha kinaenda mbali zaidi, filamu moja ni ippon, simu iliyopigwa ni ippon, safari moja ya treni kwenye ratiba ni ippon, mpira wa besiboli ukipigwa ukatoka nje ya uwanja ni ippon. Ukiangalia kwa makini, vyote hivyo vina mstari ndani yake, kitu kinachonyooka kutoka huku kwenda kule, mkanda wa filamu, waya wa simu, njia ya mpira hewani. Ukishika hiyo picha ya mstari hutahitaji kukariri kila kitu cha hon, utaanza kubahatisha na utapatia mara nyingi.

Na hapa ndo unaona kwa nini josuushi sio pambo. Biiru o nihon kudasai inaletwa bia mbili za chupa. Biiru o nihai kudasai inaletwa bia mbili za glasi, kwa sababu hai ni kipande cha kilichojaa kwenye chombo, kikombe cha chai, glasi ya maji, bakuli la wali au tambi. Neno bia ni lile lile, namba ni ile ile, kipande kimoja kimebadilisha kitakachokuja mezani.

Tatizo la hon na hai, pamoja na kipande kinachoitwa "hiki" ambacho ni cha wanyama, ni sauti. Moja ni ippon, mbili nihon, tatu sanbon, nne yonhon, tano gohon, sita roppon, saba nanahon, nane happon, tisa kyuuhon, kumi juppon. Inaonekana fujo ila ina sheria yake. Mbili, nne, tano, saba na tisa zinatulia, ziache. Moja, sita, nane na kumi ndo zinabana na h inakuwa pp: ippon, roppon, happon, juppon, na vivo hivo ippiki, roppiki, ippai, roppai. Tatu inalainisha h kuwa b: sanbon, sanbiki, sanbai. Kwa hiyo ukijua hon umejua hiki na hai bila kusoma upya.

Vipande vinavyoanza na k kama ko (vitu vidogo vya mviringo au vipande vipande, mayai, peremende, sabuni) vinabana kwenye zile zile nne: ikko, rokko, hakko, jukko. Vinavyoanza na s kama satsu ya vitabu na sai ya umri vinabana moja, nane na kumi tu, sita inatulia: issatsu, rokusatsu, hassatsu, jussatsu. Umri wa miaka ishirini una neno lake, hatachi, hilo kariri tu. Ghorofa ni kai na tatu yake ni sangai, k imegeuka g, na kumbuka ikkai kwa Mjapani ni ile ya chini kabisa unayoingilia mlangoni, kwa hiyo "ghorofa ya kwanza" ya kwetu unayopanda ngazi ndo nikai yao.

Wanyama wana vipande vitatu, paka mbwa samaki wadudu ni hiki, ng'ombe farasi tembo ni too (sio ile too ya kumi), ndege kipande chao ni "wa". Sungura naye kwa jadi anahesabiwa na ndege kwa wa, ingawa siku hizi wengi wanamhesabia hiki na hakuna ubaya. Samaki anafurahisha, akiwa hai anaogelea ni hiki, jodari mzima akishalala sokoni anakuwa ippon kama gogo, ukikatwa mnofu kila kipande ni kire, hitokire, futakire, na ukishawekwa juu ya wali wa sushi unahesabiwa kwa kan.

Saa nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu inatuhusu sisi kuliko watu wengine. Kipande cha saa ni ji, ichiji, niji, sanji, nne ni yoji, saba ni shichiji, tisa ni kuji. Ila Mjapani anahesabu kuanzia usiku wa manane, sio kuanzia jua kuchomoza kama sisi, kwa hiyo gozen shichiji ni saa moja asubuhi, na gogo ichiji ni saa saba mchana. Umeona mtego ulivyokaa? Moja yetu ni saba yao, saba yetu ni moja yao, na juu ya hapo ichi na shichi zinafanana masikioni, mtu anaambiwa mkutano ni shichiji anaweka kichwani saa saba. Dawa yake ni usitafsiri kabisa, ukisikia shichiji angalia mshale wa saa upo wapi au jua lipo wapi, uishike hivo. Wajapani wenyewe wakitaka kuondoa utata wa saba, hasa kwenye simu, utasikia wengine wanasema nanaji.

Tarehe kumi za mwanzo zina maneno yake, na sisi tuna tarehe mosi kwa hiyo tusilalamike sana: tsuitachi, futsuka, mikka, yokka, itsuka, muika, nanoka, yooka, kokonoka, tooka. Zipo karibu na zile za tsu ulizoanza nazo, ndo sababu nilisema usiruke. Chunga yokka ya nne na yooka ya nane, moja unabana moja unavuta. Kisha inaendelea kawaida kwa nichi isipokuwa kumi na nne juuyokka, ishirini hatsuka na ishirini na nne nijuuyokka.

Kwenye kuuliza unaweka nan mbele ya kipande, na nan inafuata sauti ya tatu, sanbon nanbon, sanbiki nanbiki, sangai nangai, sannin nannin. Kwa upande wa tsu swali ni ikutsu.

Mazoezi ninayoyaamini ni ya sauti na vitu vya kweli. Usikae na daftari, zunguka ndani kwako ushike kitu ujiulize nanbon, nanmai, nandai, ujijibu kwa sentensi kamili, kasa ga nihon arimasu, sara ga rokumai arimasu, alafu siku ukikwama mbele ya mtu tumia tsu uendelee na maongezi. Na ukishazoea ongeza me mwishoni upate "ya ngapi", kama futatsume no kado o migi ni onegaishimasu, kona ya pili kulia tafadhali, hiyo utamwambia dereva teksi. Ukiongeza zutsu inakuwa kila mmoja au moja moja, hitori nimai zutsu, kila mtu mbili mbili, hapo tunaongelea tiketi, na bila kutaja tiketi mwenzako ameshajua ni kitu bapa.