Kuzuia maji nyumbani: jua kwanza yanaingilia wapi

Kila masika ikikaribia, madumu ya dawa ya kuzuia maji hununuliwa kwa fujo hapa Tanga, na masika ikiisha wapo wanaopaka tena palepale. Mara nyingi dawa si mbovu. Ya paa imepelekwa ukutani, ya ukutani imepelekwa bafuni.

Hatua ya 1: Tafuta njia ya maji

Doa la dari linalokua mvua ikinyesha, kosa liko juu. Plasta ikimenyeka kuanzia chini hadi kama mita moja na kutoa unga mweupe hata kiangazi, hayo ni maji ya ardhini yanapanda na chumvi yake. Doa lililo jirani na bafu, lisilojua masika wala kiangazi, ni bomba au sakafu ya bafu.

Bado una shaka? Kata nailoni angavu, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, iache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa ya pwani tu na chumba hakipumui. Fungua madirisha, hela yako ibaki mfukoni.

Hatua ya 2: Paa la zege

Kabla ya dawa, mwaga maji uone yanatuama wapi. Mteremko uwe angalau sentimita moja kwa kila mita. Pasipo na mteremko fundi aurekebishe kwanza. Zege jipya liache likomae siku 28.

Paa pana lisilokanyagwa linafaa karatasi ya lami ya kuchoma kwa gesi. Jua letu huipasua, kwa hiyo chukua yenye changarawe juu au uipake rangi ya fedha, na ipande kwenye kuta za pembeni sentimita 15. Paa dogo lenye kona nyingi, tumia akriliki, dawa ya majimaji ya kupaka, mikono miwili au mitatu (yaani kupaka mara mbili au tatu), na kitambaa cha wavu kwenye kona. Akriliki haivumilii maji yaliyotuama.

Kazi ikiisha, ziba matundu ya kutolea maji, jaza kina cha sentimita mbili au tatu, subiri siku nzima huku ukitazama dari. Fanya hivyo kabla hujammalizia fundi hela yake. Anayekataa jaribio hili, mimi simpi kazi.

Paa la bati, anza na misumari: mpira wa chini ya kichwa hukauka na kupasuka.

Hatua ya 3: Bafu na tangi

Vigae havizuii maji. Chini yake paka dawa ya unga yenye sementi, mikono miwili inayokatizana, ipande ukutani hasa kwenye bomba la mvua. Tangi la maji ya kunywa lisiguswe na lami. Tafuta dawa iliyoandikwa kuwa inafaa maji ya kunywa.

Hatua ya 4: Ukuta wa chini

Ukipaka rangi ya mafuta, maji hupanda juu zaidi. Anayejenga sasa atandike nailoni nene chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, iungane na mkanda wa kuzuia unyevu juu ya msingi. Nyumba iliyokwisha jengwa, shusha udongo wa nje uwe chini ya sakafu, bandua plasta yenye chumvi, upige mpya kwa mchanga usio wa baharini.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Niko Pangani, nyumba ya urithi ya mawe na chokaa. Fundi anataka plasta ya sementi yenye dawa, ndani na nje.*

Marahaba, mwanangu. Mkatalie. Mawe ya matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Sementi itayafungia ndani na plasta itabanduka. Rudisheni chokaa, na juu yake chokaa ya kupaka.

*Kaka, naweza kuchomea lami juu ya akriliki ya zamani?*

Hapana. Haitashika. Kwangua mpaka zege lionekane.

*Nifanye mwezi gani? Niko Chumbageni.*

Januari au Februari, vuli imeisha na masika haijaanza. Zege lazima liwe kavu.

*Fundi anasema dumu moja linatosha paa zima.*

Pima paa, kisha soma kwenye dumu lita moja inafunika mita ngapi za mraba kwa mkono mmoja. Gawa eneo la paa kwa mita hizo, zidisha kwa idadi ya mikono, upate lita zinazohitajika, umwonyeshe.