Kumtafuta babu wa Keya: anzia kwenye bweta la nyumbani

Keya (King's African Rifles) ni jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki. Familia nyingi za Malindi na Lamu zimebaki na neno moja tu: babu alikwenda Bama (Burma), au alichukuliwa Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi (Carrier Corps). Kabla ya kushika simu, fungua bweta. Medali ya fedha ya vita vya kwanza vya dunia, ile ya duara, imechongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Isimamishe karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, upige picha ukingo wote kipande kwa kipande. Usiisugue kwa majivu wala ndimu, maana herufi zikilika namba imekwenda. Medali za vita vya pili hazina jina. Hizo zinasomwa kwa umbo. Nyota ya ncha sita yenye neno BURMA ni ya vita vya Bama.

Kwa aliyekufa vitani, ingia tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Imeandika waliokufa kuanzia 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Aliyerudi na kuzeeka nyumbani hayumo.

Wengi hukwama kwenye jina, kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Jaza jina moja tu kila mara: Karisa, kisha Kalisa, Charo, kisha Tsaro. Mgiriama huenda kabila lake limeandikwa Nyika.

Ukimkosa, usiseme hakwenda. Jeshi lile lilipanga watu kwa rangi, katika mshahara, katika cheo, hata kaburini. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi ndio walioumia zaidi.

Mpagazi mtafute Nairobi, Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue. Omba mafaili ya PC/COAST (mkuu wa jimbo la Pwani) na DC/LAM (mkuu wa wilaya ya Lamu). Ya Malindi tazama pia chini ya Kilifi. Nenda na jina la kijiji na la mudiri, mtawala wa eneo, wa wakati ule, maana mafaili yanafuata utawala, hayafuati ukoo.

Na kama wazee husema alizama baharini 1944, uliza kama alikuwa askari wa kikosi cha mizinga. Meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari mwaka huo. Majina ya waliozama yapo Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, yamepangwa kwa kikosi, kisha cheo, ndipo alfabeti. Jua kikosi kabla ya kupanda basi.