Jinsi ya kuomba kibali cha kuchambua vyungu vya kale, kwa walioko Arusha na Moshi

Hili swali linaulizwa sana na wanafunzi wa akiolojia na wadau wengine wa huku kaskazini: naombaje ruhusa ya kwenda kuchambua vyungu vilivyochimbwa zamani na kuvipanga kwenye makundi? Kabla ya yote niseme tu kwamba mara nyingi maombi hayakwami kwenye mihuri kama watu wanavyodhani, yanakwama kwa sababu mtu kaandika "naomba kuchambua vyungu vya kale vya kaskazini" halafu basi. Anayesoma anajiuliza vyungu gani, vya wapi, boksi lipi na utavifanya nini, na kama hujamjibu anaweka karatasi yako pembeni anaendelea na nyingine.

Kwanza ujue kinachohesabika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ile iliyofanyiwa marekebisho 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo chungu cha bibi yako cha miaka ya hamsini hakimo kwenye kundi hilo, ila vigae (vipande vya vyungu vilivyovunjika) vya Engaruka kule Monduli, kijiji cha mifereji ya umwagiliaji cha kama karne ya 15 hadi ya 18, vimo moja kwa moja. Na kama umekutana na mtungi ukichimba msingi wa nyumba, mwongozo huu sio wako, wewe usiuoshe wala usiugawe kwa majirani, acha ulipo na toa taarifa serikali ya kijiji ili zifike Idara ya Mambo ya Kale.

Sasa chagua mkusanyiko. Vigae vya kaskazini havikai sehemu moja, vingine viko Dar Makumbusho ya Taifa, vingine vyuoni, kwa hiyo kabla hujaandika chochote pita Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma la Mjerumani, Arusha, uulize mhifadhi wa mikusanyiko. Usiende mikono mitupu ukisema nimekuja kuuliza vyungu, nenda na jina la eneo, aliyechimba na mwaka. Mfano Usangi kule Upare wa Kaskazini na miteremko ya Kilimanjaro, mwanaakiolojia Knut Odner alichapisha kazi zake mwaka 1971, ukilitaja hilo mtu anajua aanzie rejista ipi.

Hapa ndipo penye kazi, kuandika utavipangaje. Tenga kurasa mbili hivi kwenye proposo. Anza na mila za ufinyanzi unazotegemea kukutana nazo maana ndizo kipimo chako: kama ni vya wafugaji wa kale, Narosura ina mistari iliyochanjwa au kugongwa kwa kitana ikikatizana ndani ya mkanda, Akira ni vyembamba vimesuguliwa vikang'aa na vina mistari midogo sana, Nderit imedungwadungwa nje na ndani imekwaruzwa. Kama ni Upare na enzi ya chuma ya mwanzo utakutana na Kwale, ile ya midomo iliyokatwa pembepembe na mifereji midogo, jina limetoka Kwale ya Kenya alikochimba Robert Soper miaka ya sitini. Halafu usiishie kwenye mapambo, hapo wengi wanachemka, kwa sababu vigae vingi vya tumboni mwa chungu havina pambo lolote na ndio vinajaza boksi. Sema utapima unene, utaangalia mvunjiko kwa lenzi ya mara 10 kuona kama udongo umechanganywa mchanga, mika (madini yanayometameta) au vigae vilivyosagwa, na kama katikati kuna kiini cheusi, dalili kwamba moto haukuunguza udongo wote.

Eleza na vigae vya midomo ya vyungu. Unakishika kigae kwa kukipindua, mdomo unaulaza juu ya chati ya miduara (karatasi yenye miduara ya vipimo tofauti), unakiinamisha taratibu mpaka mwanga usipite chini yake, hapo unasoma kipenyo na asilimia ya mduara uliobaki, na kikiwa chini ya asilimia 5 usiamini kipenyo hicho. Ukiandika hivi anayesoma anaona unajua unachoenda kufanya, na pia anajua hutavunja kitu. Maana kama unataka kuchukua unga wa kigae upime mafuta ya chakula, kama utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliotafuta mabaki ya maziwa na nyama kwenye vyungu vya wafugaji wa Kenya na Tanzania, hiyo ni kuharibu, iombe peke yake na useme vigae vingapi. Ukiichomeka katikati ya aya kimyakimya utarudishwa.

Baada ya hapo ndio vibali. Mwanafunzi wa chuo kama UDSM anapata kibali cha utafiti chuoni kwake, mwingine anaomba COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa mtandao, weka proposo, wasifu, barua ya chuo au taasisi na picha ya pasipoti, ulipe kwa kontrol namba, risiti uitunze. Kama una mwenzako mgeni yeye lazima apitie COSTECH na awe na mtafiti mwenyeji, plus kibali cha ukaazi daraja C cha Uhamiaji, aanze mapema sana huyo. Kibali kikitoka ambatanisha kwenye barua ya maombi kwa Makumbusho, au Idara ya Mambo ya Kale kama vigae viko chini yao, na kama unataka kuchimba upya hiyo ni leseni nyingine kabisa ya Mambo ya Kale, usizichanganye.

Barua za Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata na wa kijiji zinahitajika ukienda kwenye eneo lenyewe. Ukikaa stoo tu na maboksi usihangaike nazo, nimeona watu wanazungusha karatasi Moshi nzima bure. Ila Engaruka iko ndani ya Jiopaki (hifadhi ya urithi wa miamba na ardhi) ya Ngorongoro-Lengai, ukienda huko uliza na Mamlaka ya Ngorongoro.

Kwenye barua weka namba za maboksi, tarehe za kuanza na kumaliza, majina ya watakaoingia stoo na vifaa mtakavyobeba. Omba maboksi machache. Nasisitiza hilo, boksi moja la vigae vidogo linaweza kukumaliza wiki nzima, na ukimaliza vizuri kuongezewa sio shida.

Ukiingia fungua mfuko mmoja mmoja, lebo isiachane na vigae vyake hata dakika, kwa sababu kigae kisichojulikana kimetoka shimo lipi na tabaka lipi ni udongo uliochomwa tu. Picha piga na skeli (kipimo kidogo kinachoonyesha ukubwa). Hakuna kutoka na kigae hata kwa nia nzuri, na nje ya nchi ndio kabisa, bila leseni ya kusafirisha ni kosa kisheria. Siku ya mwisho kagua maboksi pamoja na mhifadhi, msaini wote wawili, halafu mwachie nakala ya jedwali lako na ripoti uipeleke kwa waliokupa kibali.